Kubadilishiwa mara moja hakumalizi haki yako

Madukani Kampala imani hii ni ya siku nyingi: friji ikiharibika ndani ya waranti ukapewa nyingine, basi umeshatumia nafasi yako, na hiyo ya pili ikifa ni shauri yako. Si kweli.

Waranti hufungwa na muda, si na kifaa cha kwanza. Karatasi nyingi za waranti husema kifaa cha badala kinarithi muda uliobaki. Kama ulipewa mwaka mmoja na friji ikabadilishwa baada ya miezi minne, ile mpya kwa kawaida ina miezi minane. Isome karatasi yako, maana nyingine huanza kuhesabu upya.

Tena waranti si ulinzi wako pekee, na hili ndilo linalofichwa zaidi. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Chini yake, muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa kama friji anawajibika ziwe na ubora unaokubalika na zifae kazi ambayo zilinunuliwa kufanya. Uliposhika kifaa kibovu cha pili bado hukupata ulicholipia.

Kwa hiyo tunza risiti ya kwanza, na siku ya kubadilishiwa dai maandishi yenye tarehe na namba ya kifaa kipya. Watu wengi hupotezea haki yao hapo. Duka likikaidi, utaratibu wa madai madogo mahakamani hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila wewe kuhitaji wakili.