Je, wajua kwa nini ramani ya Afrika kwenye ukuta wa skuli hupoteza Afrika Kusini kwanza?

Tembelea skuli za mashamba, Unguja hata Pemba, uangalie kuta zake. Utakuta jedwali la kuzidisha, taya na meno, mfumo wa jua na, bila ya kukosa, ramani ya Afrika. Nyingi huchorwa na watu wa kujitolea, wenyeji na wageni, wanaopaka wiki mbili, wakapiga picha, wakaenda zao. Rudi baada ya misimu miwili ya masika. Misri na Libya zingali zinang'ara, lakini Afrika Kusini imebanduka na ukuta unatoa unga mweupe kama uliomwagiwa sembe.

Watoto ndio husingiziwa, kwamba wanabandua kwa kucha. Wana lao, sikatai, hasa mpira. Ila mkosa mkubwa ni maji, na mwenziwe ni chumvi.

Tofali la saruji lina vijitundu visivyoonekana kwa jicho. Msingi ukikaa kwenye udongo uliolowa, maji hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Njiani hubeba chumvi: ya ardhini, na ile iliyoingia tangu siku tofali lilipofyatuliwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka. Chumvi haiendi nayo. Hubaki na kujenga fuwele, nazo zikikua huisukuma rangi mpaka ikaachia. Unga ule ndio huo, na kuuosha kwa maji ni kuurudisha ndani. Husuguliwa mkavu, kwa brashi ngumu.

Rangi ya mafuta huzidisha balaa. Watu huipenda kwa kuwa inang'aa na vumbi lake hufutika kwa kitambaa, lakini huuziba ukuta kama mfuko wa plastiki, na unyevu ukikosa pa kutokea huivimbisha. Lipu ikiwa mbichi ndiyo hatari zaidi, maana saruji mbichi ina alkali kali, na alkali ikikutana na mafuta huwa sabuni. Sisemi kwa mfano: sabuni ya mwani ya akina mama wa Paje nayo hutokana na mafuta na alkali. Ndiyo maana mafundi rangi huiacha lipu ikauke kiasi cha wiki nne. Mgeni wa wiki mbili atazitoa wapi?

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanurini. Chokaa hupitisha mvuke, kwa hiyo ukuta hulowa na kukauka bila kugombana na kilichopakwa juu yake. Kwa ukuta wa skuli, rangi ya maji ndiyo iliyo karibu na tabia hiyo.

Tulipochora skuli moja upande wa Wete, fundi alitupigia kwanza mkanda mweusi kutoka sakafuni hadi kiunoni, akasema hapo chini hapachorwi kitu. Ramani ikaanzia juu ya mkanda, na Sudan Kusini, iliyojitenga mwaka 2011, tukaikumbuka rangi ikiwa bado mbichi. Ubishi uliobaki ulikuwa wa kwetu wenyewe: brashi ilikuwa nene, na mchoraji, Mpemba, aliifanya Pemba ikawa kubwa kuliko Unguja.