Sababu Halali: Maana Yake kwa Mwenye Zana za Kufungulia Magari

Mwezi wa saba, Uyole, hapa Mbeya, saa nne kasorobo usiku. Mwenye Noah ameshuka mara moja kununua dawa, funguo kaiacha kwenye swichi, na alipourudisha mlango ukajifunga. Akapiga simu kwa kijana wa dada yangu, fundi funguo mwenye kibanda chake Mwanjelwa. Kijana akapanda bodaboda na begi lake: kibati chembamba cha kupenyeza pembeni mwa kioo cha gari, waya mgumu, kabari mbili za mbao na kile kimfuko cha mpira kinachojazwa hewa. Kazi yenyewe haikumchukua dakika kumi. Akalipwa, akaagana na mteja, akageuza kurudi mjini.

Doria ikawasimamisha njiani. Begi likafunguliwa.

"Hivi vya nini?"

"Vya kazi, afande."

"Kazi gani usiku huu?"

Hakuwa na kitambulisho wala risiti, na simu ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo hata namba ya mteja asingeweza kuitoa. Alilala kituoni. Alitoka kesho yake karibu saa tano, baada ya sisi ndugu kumtafuta mwenye Noah na kumleta aeleze. Alipofika nyumbani kwangu, kabla hata hajanawa uso, aliniuliza, "Mjomba, kwani kibati ni bunduki?"

Swali lake lilinikaa. Nimelisoma jambo hili tangu siku ile, na ninaandika kwa ajili ya vijana wa kazi hii na kwa yeyote anayeweka waya wa kufungulia gari chini ya siti yake mwenyewe.

Jibu fupi ni kwamba kibati si bunduki. Bunduki ni kitu ambacho kuwa nacho tu, bila kibali, ni kosa. Kibati si kosa kwa kuwa kibati. Lakini kinaweza kukuingiza kwenye kosa, na mpaka kati ya hali hizo mbili unashikiliwa na maneno mawili: sababu halali.

Maneno hayo yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1930, enzi za Waingereza. Katika sehemu inayohusu uvunjaji wa nyumba, sheria haiishii kwa aliyekwisha kuvunja. Inamgusa pia anayekutwa akiwa amejiandaa. Na hapo inatenganisha usiku na mchana kwa namna ambayo watu wengi hawaijui.

Mchana, kuwa na kifaa cha kuvunjia ni kosa pale tu unapokuwa nacho kwa nia ya kutenda uhalifu. Nia hiyo ni mzigo wa upande wa mashtaka. Wao ndio watakaoeleza mahakama kwamba ulikuwa unazunguka maegesho ukichungulia vioo vya magari yasiyo yako, au kwamba ulipoitwa ulitupa begi ukakimbia. Wakikosa hilo, una zana za kazi tu.

Usiku mzigo unahamia begani kwako. Ukikutwa na kifaa cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, ni kosa, na sheria inasema wazi kwamba kuithibitisha sababu hiyo ni juu yako. Hilo ndilo lililomkuta kijana wetu. Afande hakuwa na haja ya kueleza kwa nini anamshuku. Kijana ndiye aliyetakiwa kueleza kwa nini asishukiwe, na maelezo yote yalikuwa ndani ya simu iliyozimika.

Mtu asiogope kupita kiasi hapa. Mshtakiwa anapobebeshwa mzigo wa namna hii, hatakiwi kuthibitisha kwa kiwango kile kizito wanachobebeshwa waendesha mashtaka, cha kutoacha shaka ya maana. Inatosha maelezo yake yaonekane kuwa ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Ila ni lazima yawepo, na yawe na kitu cha kuyashikilia.

Sasa, kifaa cha kuvunjia nyumba ni kipi? Hakuna chuma kilichozaliwa na jina hilo. Bisibisi iko katika kila gereji ya Mafiati na katika kila droo ya jikoni. Mtarimbo ni wa mchimba msingi. Kinachokigeuza kifaa kuwa cha kuvunjia ni mahali kilipokutwa, saa, vitu vilivyokuwa pamoja nacho na mtu aliyekibeba. Nondo mkononi mwa fundi ujenzi saa mbili asubuhi haimshtui mtu. Nondo hiyohiyo ndani ya koti, saa nane usiku, nyuma ya duka la mtu, inazungumza yenyewe.

Na gari je, ni nyumba? Hapa wakili mzuri ana la kusema. Sheria inazungumzia kuvunja nyumba na majengo, na kibati cha kupenyeza pembeni mwa kioo cha gari hakifungui mlango wa nyumba yoyote. Nadhani hoja hiyo ina nguvu. Lakini inasemwa mbele ya hakimu, na kijana wa begi anakuwa amekwisha kulala chini siku kadhaa. Isitoshe, begi la fundi funguo huwa na vitu vingi zaidi ya kibati, na baadhi yake hufungua vitasa vya nyumba vizuri kabisa.

Upande mwingine ni uzururaji. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya zamani vinavyomruhusu askari kumkamata mtu anayekutwa barabarani katika muda na mazingira yanayoashiria kwamba yuko hapo kwa jambo baya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za aina hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo ni mazuri na nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu wanaonaswa na vifungu hivi ni walewale wasio na ofisi ya kuonyesha.

Waingereza, ambao sheria yetu ilitoka kwao, walikuwa na kanuni hiyohiyo ya usiku katika sheria yao ya wizi ya mwaka 1916. Mwaka 1968 waliibadilisha. Sheria yao mpya haikujali tena saa. Iliuliza kama mtu yuko nje ya makazi yake akiwa na kitu cha kutumia katika wizi, na ikauacha mzigo wa kuthibitisha kwa mashtaka. Kwa vifaa vya elektroniki vinavyoiba mawimbi ya rimoti za magari, serikali yao ilipeleka bungeni muswada mwaka 2025 unaomrudishia mwenye kifaa kazi ya kujieleza. California, huko Marekani, wamefuata njia ya kutaja vitu kimoja kimoja: sheria yao inaorodhesha bisibisi, mtarimbo, kibati cha kufungulia gari, hata vipande vya kauri vya plagi za injini, ambavyo wezi huvitumia kuvunja vioo. Hata hivyo, baada ya orodha yote hiyo bado wanadai nia ya kuvunja. Kumiliki peke yake hakutoshi.

Kuna hatua ambapo hoja ya kumiliki inaisha. Kibati kikiwa begini, tunazungumzia umiliki. Kikiwa kimeshaingia kati ya kioo na mlango wa gari la mtu asiyejua, tunaweza kuwa tumeingia katika jaribio la kosa, na hapo hakuna wa kukuuliza kama zana ni halali. Mwenye gari akifungua gari lake mwenyewe kwa waya, hana kosa. Fundi akilifungua kwa ruhusa ya mwenye gari, naye hana. Tatizo ni kwamba fundi hamjui mwenye gari. Anayekuita anaweza kuwa mwenyewe, dereva wake, mume aliyegombana na mkewe, au mwizi mwenye ulimi mzuri. Hili ndilo ninalowasisitizia vijana kuliko jambo lingine lolote: usiingize chuma kabla ya kuona kadi ya gari au kitu kinachounganisha mtu na gari lile. Kadi ikiwa imefungiwa ndani, kama inavyotokea mara nyingi, chukua namba ya kitambulisho chake na upige picha ya namba ya gari, na mlango ukishafunguka, kadi ndiyo iwe ya kwanza kutoka. Mtu mkweli hakasiriki kuulizwa. Aliyekwama na gari lake atafurahi kwamba fundi hafungui ovyo.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Waya chini ya siti ya IST yako, ndani ya gari lako, na kadi ikiwa jina lako, una sababu ambayo mtoto mdogo anaielewa. Ubebe waya huohuo kwa miguu usiku pale stendi ya Nane Nane, na sababu hiyo imeachwa nyumbani. (Na kwenye magari mapya uuache kabisa. Baadhi yana mifuko ya hewa ubavuni na nyaya ndani ya milango. Fundi anayejali hutumia kimfuko cha hewa na kufungua kwa upole kutoka juu.)

Zana zikichukuliwa, omba hati ya kuzipokea, iliyoorodhesha kila kitu na kusainiwa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka askari anayechukua mali katika upekuzi atoe hati hiyo. Iombe kwa heshima, usiishikie bango. Kijana wetu hakuiomba, na kabari zake hazikurudi.

Siku hizi begi lake lina vitu ambavyo havifungui chochote: nakala ya leseni ya biashara, barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri, kitambulisho, chaja ya akiba, na daftari la kurasa mia. Kila kazi anaandika saa, mahali, namba ya gari, jina na simu ya mteja, na mteja anasaini. Jumamosi iliyopita alisimamishwa tena, Mafiati, saa tatu usiku. Afande akatoa kibati, akakigeuza kwenye tochi, akauliza lile swali. Kijana akampa daftari. Afande akasoma mstari wa mwisho, akapiga namba iliyoandikwa pale, na mteja akapokea.