Fomu imeandikwa B37.3, ndo ugonjwa gani huo?

Dada mmoja muuza dagaa pale mwalo wa Kirumba kanionyesha fomu yake ya bima, kaona B37.3 akajua kakutwa na kitu kibaya afu wanamficha. Mi nashinda na mafaili ya wagonjwa, nikamwambia dada tulia, leta maswali.

Sasa hiyo B37.3 ni nini?
Fangasi za ukeni, basi. Ni namba ya ugonjwa kwenye ICD-10, orodha ya magonjwa ya WHO, Shirika la Afya Duniani. B37 ni fangasi wa kandida, namba ya baada ya nukta inasema wamekaa wapi: 0 mdomoni, 2 ngozi na kucha, 3 ukeni. Kuna na 9, yani aliyeandika hakusema ni wapi, na hiyo inaniudhi kweli maana mgonjwa kaeleza kila kitu afu kwenye faili linabaki neno moja tu, "fangasi".

Mbona daftari langu huko nyuma wameandika UTI?
UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, ni N39.0, kitu kingine kabisa. Nilifungua daftari lake, kurasa tatu UTI, UTI, UTI, kapimwa mkojo tu na kila mara kapewa antibayotiki, ambazo zinaua na wale bakteria wazuri wa ukeni, kwa hiyo fangasi wanazidi kushamiri na muwasho hauishi. Ukurasa wa nne ndo kuna mtu kaandika vizuri: "anawashwa, uchafu mzito mweupe kama mtindi, hauna harufu, majimaji ya ukeni kwenye darubini, fangasi wameonekana." Hapo hata mgeni anajua aweke namba gani.

Zikirudi rudi je?
Mara 3 au zaidi ndani ya mwaka hiyo ni sugu, iandikwe hivyo hivyo, na upimwe sukari na VVU. Marekani tangu Oktoba 2022 wametenganisha, B37.31 ya muda mfupi na B37.32 sugu, ila hii B37.3 yetu haitofautishi, daktari asipoandika kwa maneno hamna atakayejua.

Nikiwa mjamzito?
Sema, na iandikwe. Utapewa dawa ya kuweka ukeni, sio vidonge vya kumeza.

Mume wangu kaona fomu, anasema nimeletewa gonjwa la zinaa.
Magonjwa ya zinaa kwenye ICD-10 yana fungu lake, A50 mpaka A64. B37 haimo humo, mwonyeshe shemeji.