Kabla hujamwachia sonara pete yako, isomeni mizani pamoja

Mimi ni sonara, na swali linaloingia sana kwenye simu yangu ni hili: nipeleke wapi cheni yangu ikatengenezwe bila kuibiwa? Wengi wanataka niwape jina la duka. Sasa ukienda Mtaa wa Indira Gandhi pale Dar, masonara wamepangana mlango kwa mlango, kioo safi na taa kali haviwezi kukwambia nani ni nani. Mimi nakwambia angalia mizani.

Fundi mwaminifu kabla hajagusa kitu anaiwasha mizani mbele yako, anaweka pete, mnasoma wote, halafu anaandika kwenye risiti gramu ngapi, karati ngapi (yaani usafi wa dhahabu), mawe mangapi na ya rangi gani. Akikuandikia "pete moja ya dhahabu" tu, mwambie aandike upya, maana hata ya karati 9 ni pete moja ya dhahabu. Angalia namba iliyogongwa kwa ndani, 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni 18, na 375 ndio hiyo 9, yaani humo dhahabu haifiki hata nusu.

Uzito utapungua kidogo, hilo nisikufiche, kwa sababu tunapiga tupa na kung'arisha na ule unga unabaki mezani kwetu. Ila ni kidogo sana, pete ya gramu nne haiwezi kupoteza nusu gramu kwa msasa. Na kama pete imepunguzwa, kile kipande kilichokatwa ni mali yako, kiombe. Ikipanuliwa kwa kuongezewa kipande cha dhahabu, uzito lazima upande, na kipande hicho kipya kiwe cha karati ileile.

Kusafisha ndiko kunakoniuma zaidi. Wapo watu wanachovya cheni kwenye mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrokloriki, huo mchanganyiko unakula dhahabu yenyewe, basi cheni inatoka inang'aa, mama wa watu anashukuru na kulipa juu, kumbe sehemu ya dhahabu yake imebaki kwenye bakuli na jioni inatolewa humo. Kwa macho hutajua kabisa. Ukitaka kusafishiwa, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha, tena ukiwa umekaa hapohapo.

Muulize pia anaunga kwa lehemu gani. Sahihi ni lehemu ya dhahabu yenye karati inayokaribiana na ya kito chako. Kuna wanaounga kwa lehemu ya mafundi redio, ile yenye risasi, kwa kuwa inayeyuka kwa moto mdogo na kazi inaisha fasta, lakini panabaki alama ya kijivu, na siku fundi mwingine akija kupapasha moto hiyo risasi inaichimba dhahabu mashimo. Lehemu yenye kadimiamu nayo ikatae, moshi wake unaharibu mapafu na figo za anayeivuta.

Kama pete ina jiwe, msikilize kama atauliza ni jiwe gani. Tanzanaiti yetu ya Mirerani haipendi kupandishwa joto ghafla, inapasuka, zumaridi nyingi zimepakwa mafuta ndani ya nyufa na moto unayaharibu, na lulu ndio kabisa isikaribie moto. Fundi anayejua atalitoa jiwe kwanza. Anayeshika bomba la moto bila kuuliza, chukua pete yako uondoke dada, usione aibu. Na jiwe lipige picha kwa karibu mpaka doa lake la ndani lionekane, ndio ushahidi wako siku likibadilishwa.

Siku ya kuchukua, pima tena kwenye mizani ileile, fungua na kufunga kifungio cha cheni mara kadhaa, halafu isogeze pete sikioni uitikise. Ukisikia jiwe linacheza, mrudishie akaze kabla hujalipa.