Kifundo kilichoteguka hakikandwi kwa maji ya moto

Kwenye magrupu ya wazazi wa wanamichezo wadogo hapa Moshi na Arusha unazunguka ujumbe uleule: mtoto akiteguka kifundo cha mguu, mkande kwa maji ya moto na chumvi, mchue kwa nguvu, kesho atakimbia. Siyo kweli.

Siku mbili tatu za mwanzo, joto na kuchua vinaweza kuongeza uvimbe. Apumzike, mguu uinuliwe, uwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja.

Kwa mtoto kuna kubwa zaidi. Ncha za mifupa yake zina sehemu laini za kukulia, mara nyingi dhaifu kuliko kano, hivyo kinachoonekana kuteguka huenda ni kuvunjika. Bonyeza taratibu vinundu viwili vya kifundo, hasa upande wa nyuma. Akisikia maumivu mfupani unapobonyeza, au akishindwa kupiga hatua nne, apelekwe akapigwe eksirei.

Wanaosifu maji ya moto hawadanganyi kwa makusudi: joto hutuliza maumivu kwa muda, na mteguko mdogo hupona wenyewe, sifa akazichukua mchuaji. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Aliyeutuma mweleweshe kwa upole, pembeni.