Bibi aliyetia dole gumba huenda alikuwa msomaji

Dhana: Mwanamke wa Uganda alianza kusoma shule za wasichana zilipofunguliwa.

Shule ya wasichana ya Gayaza, katika ufalme wa Buganda nchini Uganda, ilifunguliwa mwaka 1905. Wakati huo Buganda ilishakuwa na wanawake wanaosoma tangu miaka ya 1880. Waumini wapya wa enzi hiyo waliitwa *basomi*, wasomaji, na katika Kiganda neno hilohilo la kusoma likabeba pia maana ya kushika dini. Kwa Waprotestanti jambo hili lilikuwa sharti: asiyeweza kusoma Injili habatizwi, isipokuwa kipofu au mzee sana. Sharti hilo halikumwacha mwanamke nje.

Kitabu cha kuanzia kilikuwa *Mateka*, kijitabu chenye herufi, kisha silabi, kisha Amri Kumi na sala. Mtu alianza na ba, be, bi, bo, bu. Silabi za Kiganda huishia kwa irabu kama za Kiswahili, kwa hiyo aliyezishika aliweza kuunga maneno mapema. Mara nyingi mwalimu mwenyewe alikuwa amejua kusoma juzi tu, na darasa lilikuwa uani au kanisani, mahali ambapo hapakuwa na rejista ya shule. Hapo ndipo watafiti wengi hupotea. Wanahesabu wanafunzi wa shule, wanakuta wanawake wachache, kisha wanaandika kwamba wasomaji walikuwa wachache. Rejista za ubatizo zingewaambia mengine.

Kwa Wakatoliki, mtazame msichana aliyeitwa Munaku. Kaka yake, Noe Mawaggali, mmoja wa mashahidi wa dini wa Uganda, aliuawa Mityana mwaka 1886, na Munaku akachukuliwa mateka. Alimwambia aliyemteka kwamba atakubali kuwa mtumwa wake mradi aruhusiwe kufundishwa dini. Baadaye akaweka nadhiri ya ubikira. Msichana anayeweka mafundisho mbele ya uhuru wake hakungoja jengo la shule.

Dhana: Kalamu ya mwanamke ililetwa na wamisionari.

Wamisionari wa kwanza walifika Buganda mwaka 1877. Miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa pwani ya kaskazini ya Kenya alimtungia binti yake utenzi wa wosia kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Anaumwa, na katika beti za mwanzo anamwita mwanawe asogee, aketi, aje na wino na karatasi. Mama anatunga, binti anaandika. Kuwaita wanawake wa aina hii wasiojua kusoma kwa sababu hawakutumia herufi za Kirumi ni dhuluma, na takwimu za kikoloni ziliifanya mara nyingi.

Dhana: Anayetia dole gumba hajui kusoma.

Hili ndilo kosa linalotuponza zaidi. Kusoma na kuandika ni stadi mbili, na wasichana wengi walipewa ya kwanza wakanyimwa ya pili. Sayyida Salme wa Zanzibar, binti wa Sultani, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri: aliweka Kurani mbele yake akanakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Wangapi hawakuthubutu? Hao wote, mbele ya karani, wangetia dole gumba.

Dhana: Baada ya Gayaza, njia ilikuwa wazi.

Haikuwa. Asubuhi wasichana wa Gayaza walishika jembe, maana wazazi waliogopa msichana msomi asiyelima. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kwa wavulana, na kaulimbiu yake ya awali ilisema wawe wanaume. Wanawake wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945.

Dhana: Jajja, yaani bibi kwa Kiganda, akikwama kwenye gazeti, basi alikuwa anakariri tu.

Pengine, lakini mpime vizuri. Maandishi ya Kiganda yalisanifiwa mwaka 1947. Kabla ya hapo irabu ndefu hazikuandikwa kwa utaratibu mmoja, ndiyo maana *Mateka* leo ingeandikwa *Mateeka*. Kwa hiyo mpe kwanza kitabu cha zamani, cha nyimbo au cha sala, katika mwanga wa kutosha. Usifungue wimbo anaoupenda, huo yuko nao moyoni. Chagua ukurasa ambao hausomwi sana, anzia katikati ya mstari, kisha umwombe aonyeshe kwa kidole neno moja utakalolitaja. Anayekariri atarudi mwanzo wa ubeti, ila msomaji atalitafuta neno lilipo.

Na kama vitabu vyake havionekani, uliza kuhusu mikebe ya biskuti. Biblia kamili ya Kiganda ya mwaka 1896 ilichapwa nene lakini isiyo pana ili iingie humo, mchwa wasiifikie.