Takwimu za uhalifu za kata: askari afundishwe kuzisoma, mkazi arudishiwe

Mwananchi wa Tanzania anapofika kaunta ya kituo cha polisi kuripoti kwamba ameporwa simu, askari wa zamu huandika tukio hilo kitabuni, humpa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo, na mara nyingi safari ya taarifa huishia hapo. Jalada moja moja linaweza kupelelezwa vizuri, lakini ni nadra mtu kukaa na kurasa za miezi mitatu mbele yake akatafuta kinachojirudia. Kwa maoni yangu, mafunzo ya askari juu ya takwimu yaanzie kwenye kalamu ya kaunta kabla ya kompyuta, kwa sababu hakuna programu inayoweza kurekebisha tukio lililoandikwa ovyo.

Mambo mawili huharibika kuliko mengine, nayo ni mahali na saa. Maelezo kwamba mlalamikaji aliporwa "maeneo ya Mbagala" hayamsaidii mpangaji wa doria hata kidogo, kwani Mbagala ni kubwa na ina mitaa mingi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, kwa hiyo askari anaweza kuandika jina la barabara na namba ya nyumba iliyo karibu na tukio. Saa nayo ina mtego wake. Mtu aliyetoka nyumbani saa 12 asubuhi akarudi saa 1 usiku na kukuta mlango umevunjwa hajui aliibiwa saa ngapi. Askari akiandika saa 1 usiku peke yake, takwimu zitaonyesha wizi wa usiku ambao huenda ulifanyika mchana, na doria itapelekwa wakati mwizi ameshamaliza kazi. Askari afundishwe kuandika saa zote mbili, ya mwisho nyumba kuonekana salama na ya kugundua wizi.

Usahihi huo una maana kwa sababu uhalifu hausambai sawasawa. Utafiti wa Lawrence Sherman na wenzake katika jiji la Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989, ulibaini kwamba nusu ya simu zilizopigwa polisi zilihusu takriban asilimia 3 tu ya anwani za jiji. Darasani, mkufunzi anaweza kuwapa askari kurasa halisi za kitabu chao na ramani ya kata, wakaweka alama kwa kila tukio, rangi moja kwa mchana na nyingine kwa usiku. Alama zikirundikana penye kituo cha daladala, swali linalofuata ni kwa nini pale: je, taa za barabarani zimezimika, au kuna kichochoro ambacho waporaji wa pikipiki, wale wanaoitwa vishandu, hukitumia kutokomea? Mara nyingi jibu halipo mikononi mwa polisi peke yao. Linaweza kuwa kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa halmashauri, au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Mkaguzi wa Kata, yaani ofisa wa polisi aliyepangiwa kata hiyo, akishika ramani ile ana hoja ya kuwapelekea.

Hata hivyo kitabu cha polisi hakioni kila kitu. Mjini Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa mdomo na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba majeruhi wengi wa mashambulizi waliotibiwa hospitalini hawakujulikana kabisa na polisi. Hospitali ikaanza kuwauliza majeruhi walishambuliwa wapi, lini na kwa silaha gani, kisha ikawapa polisi na halmashauri majibu hayo bila majina. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba waliolazwa kwa majeraha ya aina hiyo walipungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na miji inayofanana na Cardiff. Kwetu tayari polisi na hospitali hukutana kwenye PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitalini kutibiwa, na maswali hayo hayo matatu yangeweza kukusanywa hapo.

Kamanda naye afundishwe kusoma namba kwa uangalifu. Taarifa zikiongezeka katika Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea malalamiko ya ukatili kituoni, huenda ukatili umezidi, lakini huenda pia wanawake wameanza kuliamini dawati. Kumkaripia msimamizi wake kwa ongezeko hilo ni kumfundisha kukataa malalamiko. Uingereza imeyaona madhara ya uandishi mbovu: mwaka 2014 takwimu za polisi za England na Wales zilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi za taifa, na wakaguzi wakakadiria kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa.

Takwimu zikishasomwa zirudi mtaani. Kwenye mkutano wa mtaa, Mkaguzi wa Kata aeleze ni makosa gani yametokea, barabara zipi, saa zipi, na nini kimefanyika tangu mkutano uliopita. Majina ya walalamikaji na namba za nyumba zao asizitaje, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda faragha ya mtu, na aliyebakwa au kupigwa akitambulika mkutanoni hatarudi kituoni. Mkazi kwa upande wake, anaporipoti, ataje jina la barabara, namba ya nyumba iliyo karibu, saa anazozikumbuka na namna alivyoibiwa, kisha aombe asomewe kilichoandikwa kabla hajaondoka na RB yake.